Barua ya wazi kwa mnaoshika funguo za stoo za majalada Mwanza

YAH: ORODHA ZINAZOONDOKA NA WANAFUNZI WA FILDI

Waheshimiwa wakuu wa ofisi, shikamooni.

Barua hii haina Kumb. Na. Najua hilo litaipa shida masijala yenu, maana barua isiyo na namba haina jalada, na isiyo na jalada hukaa juu ya kabati, ikashuka chini ya kabati, mwisho ikaingia kwenye kiroba. Viroba hivyo navijua. Nimeishi navyo wiki nane nikiwa nimefunga barakoa, huku mama wa masijala akiniletea pakiti ya maziwa kila asubuhi, kwa imani yake kwamba maziwa huosha vumbi la kifuani. Sikumbishia. Vumbi lile lilihitaji imani.

Nilikuja kwa mafunzo ya vitendo, fildi kama tunavyoiita wenyewe, nikiwa mwanafunzi wa utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka. Ofisi niliyopangiwa sitaitaja. Nimezungumza na wenzangu waliopangiwa kwingine, na masimulizi yao yanafanana na yangu mpaka nikaona kuitaja moja ni kuionea.

Jambo langu ni moja. Kila mwaka mnatupokea, mnatufungulia stoo, tunaandika orodha ya vilivyomo, tunagongewa muhuri kwenye logibuku, tunaondoka. Orodha nayo inaondoka. Inaondoka kwenye flashi, kwenye daftari, kwenye ripoti inayopelekwa chuoni kusahihishwa na mwalimu ambaye hatakanyaga stoo yenu maisha yake yote. Mwaka unaofuata anakuja kijana mwingine na anaanza na kiroba kilekile.

Siku yangu ya kwanza nilipewa maagizo mafupi: "Zipange zipendeze, kuna mgeni." Nikapelekwa nyuma ya jengo, kwenye chumba chenye dirisha moja linalotazama mawe. Mwanza hata stoo ina mandhari. Ndani kulikuwa na mashine ya kurudufu ya enzi za stensili, matairi mawili, mabango ya kampeni ya chanjo, na majalada kila mahali: kwenye shelfu za chuma, sakafuni, ndani ya viroba vilivyofungwa kwa kamba ya katani. Aliyenitangulia alikwisha kuyapanga yakapendeza. Aliyapanga kwa rangi, ya kahawia na ya kahawia, ya kijani na ya kijani. Ukisimama mlangoni unafurahi. Ukitaka kujua nini kilifuata baada ya barua fulani ya mwaka 1956, umekwisha.

Naomba mnivumilie hapa, kwa sababu hapa ndipo tunapopishana. Kwenu kupanga ni ndugu wa kufagia. Kwetu kupanga ni kulirudisha kila jalada mahali lilipokaa wakati ofisi iliyolizaa ilipokuwa hai. Fani hii imesimama juu ya kanuni mbili. Ya kwanza Wafaransa waliiweka kwenye maandishi mwaka 1841: karatasi za ofisi moja hazichanganywi na za ofisi nyingine, hata zikiwa zinazungumzia jambo moja. Ya pili inataka mpangilio uliotumiwa na ofisi yenyewe uachwe ulivyo, kwa sababu nao ni ushahidi. Jalada la masoko ya pamba likikutwa limekaa kando ya jalada la kodi, karani aliyeyaweka hivyo alikuwa anajua kodi inalipwa msimu gani. Ukiyatenganisha kwa rangi umefuta alichokijua karani.

Huku ziwani kanuni ile ya kwanza ina uzito kuliko mnavyodhani. Mji huu ulikuwa kituo cha Wajerumani, nao wakiandika Muansa. Wakaja Waingereza na Jimbo la Ziwa, makao makuu hapahapa. Baada ya uhuru majimbo yakagawanywa kuwa mikoa. Mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa, watemi wakaacha ofisi na karatasi zao. Mwaka 1972 ukaja mpango wa Madaraka Mikoani uliozimaliza halmashauri, nazo zikaja kurudishwa miaka ya 1980. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na sheria ya kuvirudisha ikasubiri hadi 1982. Kila ofisi inapokufa, karatasi zake zinagawanywa kwa majirani kama watoto wa marehemu. Ndiyo maana kwenye stoo zenu mna majalada ambayo hayakuzaliwa kwenu, na hakuna anayewajua wazazi wao.

Wiki ya tatu mkuu mmoja aliingia stoo, mtu wa nia njema kabisa, akashika fungu moja na kusema: "Haya ya Geita si yapelekwe Geita? Ule sasa ni mkoa." Ni kweli, Geita ni mkoa tangu 2012. Lakini fungu lile halikuandikwa Geita. Liliandikwa Mwanza, na ofisi ya jimbo, *kuhusu* Geita. Mwaka 1958 watu wa Geita walipoikataa halmashauri ya mseto, ya Waafrika, Wazungu na Waasia, waliyoletewa, walikuja mpaka hapa Mwanza kudai wasikilizwe na wakubwa wa jimbo. Waliotoka walitoka kule, waliojibu walijibu huku. Ukilihamisha fungu lile kwa sababu ya jina lililo juu, jibu linakwenda Geita na dokezo lililolizaa linabaki Mwanza, na mtafiti atakayekuja baada ya miaka kumi atadhani wakubwa wale hawakuwahi kufikiri kabla ya kujibu. Nilimweleza hivyo mkuu yule. Alinisikiliza, akacheka, akasema, "Basi liache, profesa." Nashukuru kwamba aliliacha. Kilichoniogopesha ni kwamba kama ningekuwa nimepeleka chai wakati ule, lingekwenda.

Na chai nilipeleka sana, hilo niliseme mara moja tulimalize. Chai, fotokopi, kumfuatia mtu vocha. Nauli ya daladala kutoka Igoma kwenda na kurudi nilijilipia mwenyewe wiki zote nane. Sidai kurudishiwa.

Turudi kwenye majalada. Lililonitoa jasho zaidi lilikuwa na namba tatu mgongoni. Ya kwanza ilipigwa kwa taipureta enzi za Mwingereza. Ya pili iliandikwa kwa kalamu ya wino, kwa mtindo wa ofisi za mkoa za miaka ya sabini. Ya tatu ilikuwa kubwa, nyeusi, ya maka peni, imekatiza juu ya zile mbili mpaka ya kwanza ikasomeka nusu. Nilidhani ni utundu wa mtu. Wiki ya tano, chini ya lile tairi la pili, nikakuta kaunta buku lenye jalada gumu, panya wamekula pembe moja. Juu limeandikwa jina la kijana na maneno FILDI 2011.

Nilikaa chini nikalisoma lote. Kijana yule alikuwa hodari kuliko mimi. Aliandika jalada moja moja, kichwa cha habari, mwaka wa kuanza na wa kuishia, idadi ya karatasi, hata hali yake: "limeliwa na mchwa folio 12 hadi 19," yaani karatasi za namba hizo. Namba za maka peni zilikuwa zake. Alikosea kuziandika juu ya jalada, na hata kama angetumia penseli namba zake zingekuwa za kwake peke yake, lakini angalau daftari lilizieleza. Na daftari hilo lilikuwa chini ya tairi. Baada yake kaja aliyepanga kwa rangi, asijue kwamba daftari lipo, akavunja mfuatano wote. Baada yake nimekuja mimi. Vijana watatu kwa uchache, stoo moja, na kila mmoja amefanya kazi ya mwenzake upya huku akiiharibu kidogo. Nilipomwonyesha mama wa masijala lile daftari alishika mdomo. "Huyu namkumbuka," alisema. "Alikuwa hali mchana, anaandika tu. Mimi nilijua aliondoka nalo."

Hakuna aliyemwambia amkabidhi nani. Hapo ndipo penye ubovu. Fomu ya kukabidhi viti mnayo, ya kukabidhi pikipiki mnayo. Ya kukabidhi orodha haipo.

Niwaeleze kwa nini orodha ni kitu kizito, maana najua wapo wanaosema muhimu ni majalada yenyewe. Kule Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa, zipo kumbukumbu za utawala wa Kijerumani ambazo UNESCO iliziingiza kwenye rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Watu wanatoka nchi za mbali kuja kuzisoma. Mtu wa Berlin au wa Nairobi anajua aombe jalada lipi kabla hajapanda ndege, kwa sababu orodha yake ilitengenezwa na kuchapwa kwa juzuu mbili huko Marburg, Ujerumani, mwaka 1973. Karatasi zilezile bila orodha ile zingekuwa chumba cha joto chenye maandishi ya Kijerumani. Stoo zenu zina mambo ambayo Dar haina, na hakuna anayeyaomba, kwa sababu haombwi asiyejulikana.

Nami nilijifunza stoo ile ile kwamba kichwa cha jalada si maelezo yake. Lilikuwapo moja ambalo karani wa Kiingereza aliliandika neno linalomaanisha "Mengineyo". Yule wa kupanga kwa rangi aliliweka mwisho kabisa, na hata kijana wa 2011 alilipa mstari mmoja. Ndani mlikuwa na barua za wakulima, nyingi za Kiswahili, mwandiko wa kubembeleza, chini alama za dole gumba kwa wino wa zambarau. Wanalalamikia amri za kilimo za ule mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947: kulazimishwa matuta, kulazimishwa samadi, kuambiwa wapunguze ng'ombe. Mmoja anauliza, kwa adabu ya kutisha, kama bwana shamba amewahi kufuga. Nyuma ya kila barua imebanwa nakala ya kaboni ya jibu, karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, mistari miwili: imepokelewa, inashughulikiwa.

Kuna jingine la namna hiyo. TANU ilizuiwa kufanya kazi Usukumani tangu 1954 hadi 1958. Anayetafuta siasa za miaka hiyo akiomba majalada ya siasa ataambulia kidogo. Akiomba ya pamba ataona mambo, kwa sababu wakulima walikuwa wamejikusanya kwenye ushirika, na shirikisho la vyama vyao, lile la Victoria lililoundwa mwaka 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, ndilo lililokuwa mahali pa kukutana na kusema. Mizani ya pamba, bei ya pamba, na katikati ya bei, mtu anauliza nani anatawala. Hilo halimo kwenye kichwa cha jalada. Linaingia kwenye maelezo pale tu mtu anapokaa, akafungua folio kwa folio, akaandika sentensi tatu za kweli. Kazi hiyo ndiyo mnayotuletea sisi, na ndiyo mnayoiacha ipotee.

Si kazi ya ajabu. Baraza la Kimataifa la Nyaraka lilitoa mwongozo wake wa kueleza nyaraka, toleo la pili mwaka 2000, wenye vipengele 26, na vya lazima ni sita tu: namba ya utambulisho, kichwa, nani alizitengeneza, za mwaka gani hadi gani, ni nyingi kiasi gani, na kama unachokieleza ni mkusanyiko mzima, mfululizo (majalada ya shughuli moja), jalada au karatasi moja. Hicho cha mwisho ndicho kinachookoa muda. Unaanza juu. Unaueleza mkusanyiko wote kwa aya moja, halafu mfululizo, halafu unashuka kwenye majalada kadiri muda unavyoruhusu. Ofisi ikiniambia nieleze stoo nzima jalada kwa jalada kwa wiki nane, nitafika kwenye kiroba cha pili. Ikinipa mfululizo mmoja, tuseme majalada ya masoko ya pamba, nitaumaliza, nitauandika kwa penseli, nitang'oa pini zenye kutu, nitaufunga kwa utepe wa pamba na kuuweka kwenye sanduku, na atakayekuja baada yangu ataanzia nilipoishia.

Jina nalo ni jambo. Majalada ya zamani yanaandika mahali kwa masikio ya mgeni, na sisi wenyewe huku tunabadilishana *r* na *l* bila kuona haya, Nera na Nela. Anayeeleza lazima aandike jina kama lilivyo kwenye jalada na kama linavyoandikwa leo, yote mawili, la sivyo mjukuu wa mtemi atatafuta jina la babu yake asilipate huku amelishika mkononi.

Sasa niseme la mzee wa Nansio, kwa sababu yeye ndiye aliyenifanya niandike.

Alikuja wiki ya nne, siku ya Jumanne, ametoka Ukerewe kwa meli ya asubuhi. Koti la suti, kandambili, bahasha ya kaki. Baba yake alikuwa baharia wa meli za ziwani chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na karatasi za wafanyakazi zikatawanyika, familia ilikuwa na mambo mengine ya kulia. Sasa kuna shauri la kiwanja Kirumba, na baraza la ardhi limemwambia alete karatasi yoyote inayoonyesha kwamba baba yake alikuwa kazini Mwanza mwaka 1962. Karatasi yoyote. Amezunguka ofisi tatu. Mlinzi mmoja ndiye aliyemwambia, jaribu pale, nao wana stoo.

"Mjukuu wangu," aliniambia, "wewe niangalizie tu jina."

Nilimwuliza mama wa masijala, mama akamwuliza mkuu, mkuu akasema hatuna vitu vya meli hapa. Alisema kwa nia safi. Orodha ya kumpinga haikuwepo. Mzee alisaini kitabu cha wageni, akatushukuru kwa muda mrefu kuliko tulivyostahili, akawahi meli ya kurudi.

Wiki ya saba nilifungua kiroba kilichokuwa chini ya mabango ya chanjo. Nikatoa rejista ndefu yenye jalada la kitambaa cheusi: majina ya mabaharia, kazi zao, meli, tarehe ya kuanza. Ilifikaje kwenye ofisi isiyo ya reli wala ya bandari, hakuna karatasi inayoeleza, na hilo nimeliandika kwenye maelezo yake. Jina lipo. Mwaka 1961, ule mwaka MV Victoria ilipoanza kazi. Nikakimbilia kitabu cha wageni. Safu ya simu mzee hakuijaza, na sisi hatukumwambia aijaze.

Najua wapo watakaosema dawa ya yote haya ni kuskani. Nimelisikia kwenye vikao viwili nilivyoitwa kugawa maji. Mashine nzuri, fedha ikipatikana iletwe, siipingi. Lakini kuskani kisichoelezwa ni kuihamisha stoo kuiingiza kwenye kompyuta ikiwa na viroba vyake. Rejista ile ikiskaniwa ikapewa jina "picha 0047", mzee wa Nansio atapoteza meli nyingine.

Ninachoomba hakihitaji bajeti ya mwaka mpya. Mwanafunzi anapofika, mpeni mfululizo mmoja na ofisa mmoja wa kumjibu. Mkatazeni maka peni kabla hata hamjamwonyesha choo. Na siku anapoondoka, kabla ya kumgongea muhuri, aweke mezani orodha yake imechapwa, isainiwe, ipewe Kumb. Na., iwe folio ndani ya jalada la masijala yenyewe kama barua nyingine yoyote. Nakala moja iende kituo cha kanda cha Nyaraka za Taifa hapahapa Mwanza, ambao hii ni kazi yao kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya 2002. Nakala nyingine ikae pale mapokezi, aione mwananchi. Karatasi kumi na tano. Sitaki kuamini kwamba rimu imeshindikana.

Sheria hiyohiyo haimruhusu mtu kuziteketeza kumbukumbu za umma kwa amri ya mdomo, na inaweka miaka 30 kuwa muda wa kawaida kabla kumbukumbu hazijafunguliwa kwa umma. Nalitaja hili kwa sababu ya woga ninaoujua. Kuna anayeficha stoo kwa kudhani orodha itatoa siri nje. Nami nilikutana na majalada ya watumishi yenye habari za magonjwa na za ndoa zao, na hakuna aliyekuwa ameniambia nifanye nini nikiyakuta. Niliyafunga nikaandika tu: majalada binafsi, idadi, miaka, hayajafunguliwa kwa umma. Kueleza si kufungua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na mwanafunzi asomewe sehemu inayomhusu siku ya kwanza, badala ya kuachwa peke yake na ndoa za watu. Siri ikiandikwa kwenye orodha kwamba ipo na imefungwa, inalindwa. Isiyoandikwa ndiyo inayofungia karanga. Nimenunua karanga Makoroboi, nikafungua kijikaratasi, nikakuta nusu ya muhuri na neno "siri".

Orodha yangu nimeichapa mara tatu. Moja nilimkabidhi mama wa masijala mkononi, mbele ya ofisa, naye akaandika "nimepokea" na tarehe, kwa sababu nilimwomba, si kwa sababu kuna fomu. Daftari la kijana wa 2011 nimelinakili upya na kuweka mbele ya orodha yangu safu inayoonyesha namba yake, namba ya karani wa mkoa, na namba ya Mwingereza, kila jalada. Jina lake liko juu ya langu. Kama anasoma haya, ajue daftari lake halipo tena chini ya tairi. Lipo kabati la kijivu, droo ya pili.

Na wewe babu yangu wa Nansio, au mjukuu wako yeyote atakayekusomea hii: rejista ipo. Ofisi unaijua. Ukifika usiwaambie unatafuta habari za baba yako, watakuambia tena hawana vitu vya meli. Waambie unaomba sanduku namba 14, kitu cha pili, ukurasa umewekwa kipande cha karatasi nyeupe. Na safari hii andika namba ya simu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Aliyekuwa mwanafunzi wa fildi,
Mwanza.

Nakala: Jaladani, likipatikana.